Wana wa Mara: Bao, Shule na Kambi

Ukitaja Butiama, jina moja tu humjia msikilizaji: Nyerere. Ni haki yake, lakini kijiji hicho cha Wazanaki kilimzaa pia jenerali aliyeongoza vikosi hadi Kampala, na jirani zao wa Bunda wakatoa waziri mkuu. Kwa nini huko? Jibu la vijiweni ni kwamba watu wa Mara ni wakali, wamezaliwa kutawala na kupigana. Silikubali. Ukifuatilia maisha ya hawa watu, unakutana na shule moja, kambi za jeshi, na mtu mzima aliyemwona mtoto mapema.

Kambarage Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Kuwa mtoto wa mtemi hakukumpa darasa: hadi umri wa miaka 12 alikuwa mchungaji. Inasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, ambayo leo imo Wilaya ya Bunda, alikuwa akija Butiama kucheza bao. Alipoketi na yule kijana akajikuta anafungwa, akamwambia Burito: mtoto huyu mpeleke shule. Kwa hiyo, kama masimulizi hayo ni ya kweli, mtu wa kwanza kuitambua akili ya Rais wa baadaye ni mzee wa Ikizu aliyeshindwa mchezo.

Mwaka 1934 Kambarage akaingia Mwisenge, shule ya bweni mjini Musoma, takriban kilomita 40 kutoka nyumbani. Miongoni mwa waliomfundisha alikuwa Mwalimu James Irenge. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, akaenda Tabora mwaka 1937. Jina la Julius lilikuja baadaye, alipobatizwa mwaka 1943 Nyegina, misheni iliyo nje kidogo ya Musoma.

David Musuguri alipita njia nyingine. Alizaliwa Butiama mwaka 1920, akaingia jeshi la mkoloni, KAR, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akafika hadi Madagaska. Idi Amin, aliyekuja kuitawala Uganda, naye alilelewa na jeshi hilohilo. Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, Musuguri alipewa Divisheni ya 20, akapigana Lukaya, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Kuanzia 1980 hadi 1988 alikuwa Mkuu wa Majeshi. Hapo kuna jambo la kutafakari: Amiri Jeshi Mkuu Nyerere na Mkuu wake wa Majeshi walitoka kijiji kimoja.

Bunda ilimtoa Joseph Sinde Warioba, mwanasheria aliyezaliwa mwaka 1940. Alikuwa Waziri Mkuu kati ya 1985 na 1990, ila kwangu kazi zake kubwa ni mbili za baada ya hapo: ripoti ya rushwa ya mwaka 1996, na rasimu ya Katiba iliyofika Bunge Maalumu mwaka 2014 ikipendekeza serikali tatu. Stephen Wasira, aliyeingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1970, naye ni wa Bunda; Januari 2025 alichaguliwa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara.

Orodha kama hizi hupenda vyeo, na hapo ndipo wanawake hupotea. Mama Maria Nyerere alizaliwa mwaka 1930 kaskazini zaidi, upande wa Tarime ya zamani, akasomea ualimu. Mumewe alipoacha kazi ya kufundisha mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU, mshahara ulikatika. Mama Maria akafungua duka dogo Dar es Salaam, akauza mafuta ya taa, nyumba ikaendelea. Historia ya chama ina wajibu wa kulitaja duka hilo pamoja na mikutano ya hadhara.

Mwalimu Nyerere alizikwa Butiama Oktoba 1999. Musuguri alifariki Oktoba 29, 2024, akiwa na miaka 104, naye akazikwa Butiama. Msomaji utakayekwenda kuzuru makaburi hayo, anzia Mwisenge. Ukifika, waulize wanafunzi kama wanamjua Mwalimu Irenge; na kama hawamjui, wasimulie.