Bugaluu Limepita, Disko Limebaki

Ukipita pwani yetu wakati wa mauzo ya korosho, tangu Mikindani mpaka Msimbati karibu na mdomo wa Ruvuma, utasikia vijana wakiulizana disko li wapi usiku huo. Neno hili limekuwa la kwetu, kama korosho yenyewe, ambayo nayo ililetwa na Wareno kutoka Brazili.

Muziki huo ulizaliwa New York na Philadelphia mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kumbi za watu weusi na wenye asili ya Kilatini. Filamu ya Saturday Night Fever ikautangaza duniani mwaka 1977. Tarehe 12 Julai 1979 sahani zake za santuri zililipuliwa kwa baruti uwanjani Chicago mbele ya maelfu ya watu, na wengi huko wakahesabu kuwa disko limekufa.

Kwetu vita ilianza kabla halijafika. Januari 1969 vijana wa TANU walianzisha Operesheni Vijana Dar es Salaam dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Zanzibar nako bugaluu lilipigwa marufuku. Disko lilipoingia na viatu vya raizoni, ugomvi ukawa ule ule wa nguo. Na nguo, msomaji, ndilo lililokuwa jambo jepesi kuliko yote! Bugaluu liliondoka lenyewe mafundi cherehani walipopata mshono mwingine; hakuna mgambo aliyelimaliza.

Kilichobaki hakikuvaliwa mwilini. Zamani dansi lilitaka bendi nzima, magitaa na matarumbeta, na ngoma ya kwetu ilichezwa uwanjani pasipo mlango, mabibi na mababu wakitazama. Disko likaleta mtu mmoja na mashine yake, na kiingilio mlangoni. Gharama ikashuka, mashine ikazifuata fedha mpaka kijijini, ndipo likapatikana disko vumbi. Tena likatenga watu kwa umri. Ni kweli jando na unyago navyo hutenga, lakini huko mtoto yumo mikononi mwa kungwi au nyakanga ajulikanaye na wazazi. Mlangoni pa disko mtoto hupokewa na mkata tiketi.

Ndilo hilo disko toto, la mchana wa sikukuu. Mtoto ametoka kuswali Idi na baba yake, kapewa mkono wa Idi, na fedha ile ile ndiyo kiingilio. Wazazi wengi hawaoni neno, kwa kuwa ni mchana na wenziwe wote wamo.

Tarehe 1 Oktoba 2008, Idi el-Fitri, watoto walijazana katika ukumbi mmoja mjini Tabora. Walikosa hewa, wakakanyagana, na wapatao 20 wakafa wakiwa na nguo zao za sikukuu. Hakuna aliyeuawa na mshono wa suruali wala na wimbo. Waliuawa na wingi wao ndani ya kuta, na mtu mzima wa kuwahesabu hakuwapo.

Tangu hapo, sikukuu zikikaribia, polisi wa mikoa mbalimbali hutangaza kuwa disko toto ni marufuku. Tangazo huja siku chache kabla ya mwezi kuandama, wakati nguo za watoto zimeshashonwa na wenyewe wameshapatana wapi pa kukutania.