Uchaguzi wa mafao ya bima ya afya (Thailand)

Uchaguzi wa mafao ni kazi ya kuamua ni tiba, dawa na vipimo gani vilipiwe na mfuko wa bima na vipi vibaki nje ya kitita cha mafao. Thailand hutajwa sana katika jambo hili. Mwaka 2002 ilianzisha bima kwa wananchi wote wasio watumishi wa umma wala waajiriwa wa sekta rasmi, takriban robo tatu ya watu wake. Fedha hutoka kwenye kodi. Mgonjwa alitakiwa kuchangia baht 30 tu (baht ni sarafu ya Thailand) kila aendapo kutibiwa.

Mfuko wa namna hiyo hauna budi kuchagua. Mwaka 2007 ikaundwa HITAP, taasisi ya tathmini ya tiba na teknolojia za afya iliyo chini ya Wizara ya Afya. Huduma za kutathminiwa hupendekezwa na makundi kadhaa, wakiwemo madaktari, wagonjwa, wenye viwanda vya dawa na raia wa kawaida. Watafiti hukadiria ni baht ngapi zitatumika kumwongezea mtu mwaka mmoja wa maisha yenye afya. Mwaka 2013 ukomo wa gharama hiyo ulipandishwa hadi baht 160,000.

Ukomo huo una kazi nyingine isiyosemwa sana: kushusha bei. Chanjo dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi haikupita kwa bei ya awali. Bei ilipopungua ndipo ikapokewa, na mwaka 2017 wasichana wa darasa la tano wakaanza kuchanjwa nchi nzima.

Hata hivyo hesabu haina neno la mwisho. Gharama ya kusafisha damu ya wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi ilivuka ukomo mara kadhaa, lakini bila huduma hiyo mgonjwa hufa, na anayejilipia hufilisi ukoo. Mwaka 2008 serikali iliiingiza kwenye kitita ikijua inachokipuuza, kwa sharti moja: mgonjwa aanze na njia ya tumboni, inayofanyika nyumbani kwa mifuko ya maji maalumu, si mashine ya hospitali. Mwaka 2022 sharti likaondolewa. Wagonjwa wengi wapya wakachagua mashine, na gharama ya mfuko ikapanda.