Ushauri wa kichungaji: pa kuupata bila gharama kubwa, Kisangani na Basoko



Mwaka 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola yalipowaka upande wa Lubunga, familia nyingi zilivuka mto kuja Kisangani. Mama mmoja aliyekimbia alinijia baada ya ibada. Halali usiku, na kila kelele inamshtua. Nilimwombea, kisha nikamwambia afunge siku tatu. Sikumwuliza kama alikuwa na chakula. Hakurudi tena. Kosa lilikuwa langu. Eliya alipoomba kufa, malaika alimpa mkate na maji kwanza, akamwacha alale (1 Wafalme 19). Maswali yalikuja baadaye.

Ndiyo maana naandika haya, kwa anayetafuta msaada na kwa anayeutoa.

Anzia wapi?

Anza kwenye ushirika wako: mchungaji, mzee wa kanisa, au viongozi wa wamama. Ukiona haya kusema mbele ya watu wa kwako, nenda kwenye jumuiya nyingine ya Kanisa la Kristo katika Kongo (ECC). Hakuna anayefukuzwa kwa kuwa wa jumuiya tofauti. Mwanamke ana haki ya kuomba kusikilizwa na mwanamke mwenzake.

Uliza pia kama kuna waliofundishwa kuongoza vikundi vya kuponya majeraha ya moyo. Mafundisho hayo yanatokana na kitabu kilichotolewa Nairobi mwaka 2004 kwa ajili ya makanisa ya nchi zenye vita. Watu wachache hukaa pamoja, kila mmoja husimulia yaliyompata, alivyojisikia na lililomwumiza zaidi. Huandika maombolezo yao na kuyaleta msalabani. Kinachohitajika ni viti, Biblia na mtu anayejua kunyamaza.

Je, ni bei gani?

Kusikilizwa na kuombewa hakuuzwi. Anayedai sadaka kabla ya kukusikiliza, mwache. Lakini nauli ni gharama ya kweli, hasa kwa mtu wa Basoko anayepaswa kupanda mto hadi Kisangani. Kwa hiyo tafuta kwanza karibu, na ushirika uchange nauli pale safari inapokuwa ya lazima.

Kanisa linapofika mwisho wa uwezo wake

Mpeleke mtu kwa muuguzi au daktari bila kuchelewa:

- akisema anataka kujiua: msimwache peke yake hata usiku mmoja;
- akisikia sauti, akiacha kula, au akianguka kifafa;
- akibakwa: afike hospitalini kabla ya saa 72 kwisha, ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Ubakaji ni kosa la jinai, na sheria za mwaka 2006 ziliongeza ukali wake. Familia mbili haziumalizi kwa mbuzi.

Basoko, anzia kituo cha afya au hospitali kuu ya zone. Kisangani kuna Hospitali Kuu ya Makiso na Kliniki za Chuo Kikuu. Chuo Kikuu cha Kisangani kina pia Kitivo cha Saikolojia na Sayansi ya Elimu; waombeni walimu wake wawaelekeze. Chuo hicho kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, na kule Yakusu wamisionari Wabaptisti walijenga kanisa na hospitali mahali pamoja. Kwa hiyo dawa si adui wa maombi.

Maswali ya kumwuliza mshauri

1. Je, nitakayosema yatabaki hapa? Siri ya mtu haigeuzwi mfano wa mahubiri. Ila maisha ya mtu yakiwa hatarini, mshauri atatafuta msaada, na akuambie hivyo mapema.
2. Nani alikufundisha, na nani anakuongoza?
3. Nikiwa na dawa za daktari, utaniambia niziache? Akijibu ndiyo, ondoka.
4. Je, mnafunga wagonjwa kwa kamba au kuwanyima chakula? Hayo ni mateso, hata yakiitwa maombi.

Wachungaji wenzangu, Wagalatia 6:2 inatuagiza kuchukuliana mizigo. Haituagizi kuibeba yote peke yetu. Jumapili hii, andikeni kwenye karatasi majina ya wasikilizaji wawili wa ushirika, mwanamume na mwanamke, na saa wanazopatikana. Ibandikeni mlangoni. Huenda mtu anayepita ataisoma kabla hajakata tamaa.