Utaratibu wa Hifadhidata: Historia Fupi ya Istilahi

Katika kata ya Chapwa, mjini Tunduma, neno forodha halihitaji kufafanuliwa. Lakini kazi ya forodha siku hizi hufanywa kwa mitambo ambayo istilahi zake hutusumbua mara kwa mara, na mojawapo ndiyo tunayoijadili hapa.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo ulipigwa marufuku, na lugha nayo, kwa maoni yetu, ikapungukiwa na sababu ya kuunda maneno. Ng'ambo kazi iliendelea. E. F. Codd alikwisha kueleza mwaka 1970 namna ya kupanga data kwa majedwali, na katika miaka ya 1980 kampuni ya Sybase ikatoa hifadhidata (wengine husema kanzidata, neno zuri litokanalo na kanzi, yaani hazina) iliyotunza pia amri za kuishughulikia data hiyo: mfululizo wa amri wenye jina, uliokaa mumo humo ukingoja kuitwa.

Tukifasiri neno kwa neno tutapata "utaratibu uliohifadhiwa". Hatuupendi. Kilichohifadhiwa ni akiba isiyoguswa, ilhali utaratibu huu hutumika kila saa. "Utaratibu wa hifadhidata" wafaa zaidi, kwani humlazimu msemaji kujibu: wa hifadhidata ipi?

Swali hilo lina uzito mpakani. Forodha ya Tanzania iliingia katika mfumo wa TANCIS mwaka 2014, baada ya ASYCUDA. Zambia hutumia ASYCUDA World. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwaka 2019, maofisa walikaa pamoja, lakini kila nchi ilibaki na mfumo wake.

Hata ndani ya idara moja mambo si mepesi. Tuseme utaratibu wa kukokotoa ushuru umenakiliwa katika hifadhidata tano. Kiwango kikibadilika, na nakala nne tu zikasahihishwa, shehena za aina moja zitatozwa viwango viwili. Kwa hiyo wataalamu wengi huweka matini asilia nje ya hifadhidata zote, kila badiliko likitiwa tarehe, na nakala zote hutolewa hapo. Taratibu za ushuru hutengwa na za usajili. Wengine huteua hifadhidata moja iwe makao ya taratibu zote, nyingine ziziite kutoka huko. Njia hii huondoa nakala, ila makao yakizimika kazi yote husimama, na malori nayo.