Kutoka Riwaya hadi Santuri: "Warm Leatherette" na Hatima ya Msimulizi wa Ballard

Mnamo mwaka 1978 ilitolewa jijini London santuri ndogo yenye nyimbo mbili, "T.V.O.D." na "Warm Leatherette", kwa jina la The Normal. Jina hilo lilidokeza kundi, ilhali kundi halikuwapo: aliyetunga, aliyepiga, aliyeimba na aliyerekodi alikuwa mtu mmoja, Daniel Miller, mhariri wa filamu aliyezaliwa mwaka 1951. Katika historia za muziki santuri hii hutajwa miongoni mwa misingi ya pop ya sinthesaiza nchini Uingereza, na aghalabu mjadala huishia hapo. Lisilopewa uzito wa kutosha ni kwamba "Warm Leatherette" ni utungo uliozaliwa na riwaya, yaani Crash ya J. G. Ballard, iliyochapishwa mwaka 1973. Hivyo basi mhakiki wa fasihi ana haki ya kuuliza: riwaya inapofinywa ikawa wimbo wa dakika tatu na ushei, hukatwa nini, na je, kilichokatwa kilikuwa nyama au mfupa?

Ballard alizaliwa Shanghai mwaka 1930. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alizuiliwa pamoja na wazazi wake katika kambi ya Wajapani ya Lunghua, kisha akasomea udaktari huko Cambridge kwa muda bila ya kuhitimu. Kambi na chumba cha kupasulia maiti vimeacha alama katika nathari yake yote. Mwaka 1970 aliandaa maonyesho jijini London ambamo magari yaliyopondeka ajalini yaliwekwa mbele ya watazamaji kana kwamba ni vinyago. Miaka mitatu baadaye ikaja riwaya. Msimulizi wake anaitwa James Ballard, jina la mwandishi mwenyewe. Baada ya kupata ajali anaangukia katika himaya ya Vaughan, mtu anayepata ashiki katika vyuma vilivyopinda, na ambaye ndoto yake ni kufa katika mgongano na gari la mwigizaji Elizabeth Taylor. Msomaji wa miswada aliyepewa kazi hiyo alishauri isichapishwe, kwa hoja kwamba mwandishi hatibiki hata na daktari wa akili.

Ugumu wa riwaya hii hauko katika matendo bali katika sauti. Msimulizi anaeleza majeraha kwa lugha ya ripoti ya hospitali. Hakemei wala hasifu. Katika utangulizi wa toleo la Kifaransa la mwaka 1974 Ballard aliieleza kazi yake kuwa ni onyo, lakini baadaye akasita kuhusu kauli hiyo. Kusita huko kuna maana zaidi ya utangulizi wenyewe, kwani matini haimpi msomaji mahali popote pa kulisikia onyo hilo likitamkwa.

Miller, aliyesomea filamu huko Guildford, alikuwa amekusudia pamoja na rafiki yake kuigeuza riwaya hii kuwa muswada wa filamu. Filamu haikupatikana, na yaliyobaki akayatia katika wimbo. Alikuwa na sinthesaiza ya Korg 700S aliyoinunua ikiwa imekwishatumika, na rekoda ya kanda yenye njia nne, alirekodia nyumbani. Vijana wa punk walikuwa wakijivunia kwamba kodi tatu za gitaa zatosha kuunda bendi. Miller aliona kwamba hata kodi tatu ni mafunzo, ilhali sinthesaiza humtaka mtu kidole kimoja tu. Kraftwerk wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuliimba gari mwaka 1974 katika "Autobahn", ambamo barabara ni safari ya utulivu. Miller alilichukua gari hilohilo akaligongesha.

Ukilinganisha matini hizi mbili, la kwanza kubainika ni kuhama kwa nafsi. Katika riwaya "mimi" ndiye nguzo: anaona, anakumbuka, anaungama. Katika wimbo nafsineni karibu haipo. Iliyopo ni nafsi ya pili, inayoamrishwa kutazama, kusikia na kugusa, na ambayo viungo vya mwili wake vinatajwa sambamba na vipuri vya gari. Vaughan ametoweka, mke ametoweka, Elizabeth Taylor ametoweka. Jina la ngozi bandia ya viti linarudiwa bila kiimbo, juu ya mdundo usiobadilika.

Yaweza kudaiwa kwamba hii ni hasara tupu, na dai hilo si la kupuuzwa. Crash inautegemea urefu wake. Kuchosha kwake ni sehemu ya maana: kufikia kurasa za katikati msomaji hugundua kwamba amezoea asiyopaswa kuyazoea. Wimbo mfupi hauna muda huo. Lakini Miller aliupata uchovu uleule kwa njia nyingine, kwa kuikabidhi mashine kazi ya kurudia. Kwa hiyo kilichokatwa ni msuko, na sauti ya ripoti ikabaki. Hasara ya kweli ni nyingine: msomaji wa Ballard hukaa kando ya msimulizi, shahidi mwenye hatia kidogo, ilhali msikilizaji wa Miller huwekwa katika kiti cha anayekufa. Mashaka ya kimaadili yanageuka mwaliko.

Tafsiri ya Grace Jones, mzaliwa wa Jamaika, inathibitisha jambo hili kwa kulipindua. Aliurekodi wimbo huo katika studio ya Compass Point, Nassau, na kuufanya jina la albamu yake ya mwaka 1980. Sly Dunbar na Robbie Shakespeare walipiga ngoma na besi kwa mikono ya watu. Mdundo ukapata kiuno. Kwa Miller amri zinatoka kwa kitu kisicho na mwili, kwa Jones zinatoka kwa mwanamke anayejua anachotaka. Maneno ni yaleyale, lakini anayesikiliza sasa ana mtu wa kumwogopa.

Urithi wa kibiashara unajulikana zaidi. Miller alitaka nakala 500. Watu wa Rough Trade wakamshawishi atoe 2,000. Anwani iliyochapishwa kwenye jalada iliwafanya wasanii wengine wamtumie kanda zao, na lebo ya Mute, iliyobuniwa kwa santuri moja tu, ikawatoa Fad Gadget mwaka 1979 na Depeche Mode mwaka 1981. EMI iliinunua mwaka 2002. Mwaka 2010 ilirudi kujitegemea.

Filamu ya Crash ilikuja kutengenezwa na David Cronenberg mwaka 1996. Magazeti ya Uingereza yaliishambulia, na halmashauri ya Westminster ikaizuia isionyeshwe katika kumbi zake. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kuucheza wimbo kwa miaka 18.