McDonald Mariga: Kiungo aliyekwazwa na nafasi ya nchi yake

Katika orodha ya wanasoka wa Afrika Mashariki waliotwaa taji la Klabu Bingwa Ulaya, jina la McDonald Mariga lina uzito wake. Kiungo huyo wa Kenya alikuwa kwenye benchi la Inter Milan Mei 22, 2010, timu hiyo ilipoifunga Bayern Munich 2-0 mjini Madrid.

Mariga alizaliwa Nairobi Aprili 4, 1987, katika familia ambayo mpira ulikuwa kama urithi. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards na timu ya taifa, na mdogo wake ni Victor Wanyama. Alipita Tusker kabla ya kwenda Sweden mwaka 2005, akaanzia Enköping na kuhamia Helsingborg, alikocheza pamoja na mshambuliaji mkongwe Henrik Larsson.

Mwaka 2007 Parma ya Italia ilimchukua. Klabu hiyo ilishuka daraja mwaka 2008 na kurejea Serie A mwaka uliofuata, naye akabaki katika safari yote hiyo. Ni hapo ambapo umbo lake kubwa, nguvu zake na uwezo wa kunyang'anya mipira viliwavutia matajiri.

Januari 2010 Manchester City ilikuwa tayari kumsajili. Kikwazo hakikuwa fedha wala kiwango chake. Kanuni za Uingereza za wakati huo zilimtaka mchezaji kutoka nje ya Ulaya awe amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu yake ya taifa katika miaka miwili, na taifa hilo liwe ndani ya 70 bora za FIFA. Kenya ilikuwa mbali na nafasi hiyo. Aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kenya, Raila Odinga, aliingilia kati, lakini uhamisho ule haukukamilika. Februari 1, siku ya mwisho ya usajili, Mariga alitia saini Inter.

Ni vigumu kusema alipoteza. Ndani ya miezi minne kikosi cha José Mourinho kilitwaa Kombe la Italia, ubingwa wa ligi na ule wa Ulaya.

Wapo wanaomhesabu kuwa abiria tu wa mafanikio hayo. Hawamtendei haki. Aprili 28, 2010, katika nusu fainali ya marudiano mjini Barcelona, Inter ilicheza pungufu tangu dakika ya 28 baada ya Thiago Motta kutolewa kwa kadi nyekundu. Mariga aliingia dakika ya 86 kumpokea Samuel Eto'o. Dakika mbili kabla ya hapo Gerard Piqué alikuwa amefunga, na bao moja zaidi lingeitoa Inter. Katika dakika hizo za kuzingirwa, Mkenya huyo alikuwa miongoni mwa waliolilinda lango hadi kipenga cha mwisho. Inter ilisonga mbele kwa jumla ya mabao 3-2.

Baada ya hapo nyota ilififia. Alikwenda kwa mkopo Real Sociedad na tena Parma, majeraha yakamwandama, na mwaka 2014 Inter ikaachana naye. Latina na Real Oviedo zilifuata.

Mlango wa Uingereza uliofungwa kwake ulifunguka kwa mdogo wake. Mwaka 2013 Wanyama alijiunga na Southampton akitokea Celtic, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya nchi hiyo. Kwa Watanzania, siku hiyo ilifika Januari 2020, Mbwana Samatta aliposajiliwa Aston Villa, ingawa Tanzania haikuwamo hata ndani ya 100 bora.

Kwa upande wa timu ya taifa, Kenya haikufuzu fainali za Mataifa ya Afrika kati ya 2004 na 2019, hivyo Mariga hakuwahi kuzicheza.

Alijaribu siasa Novemba 2019, akigombea ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee, na kushindwa na Imran Okoth wa ODM. Desemba 7, 2024, alichaguliwa Makamu wa Rais wa Shirikisho la Soka la Kenya, chini ya Rais Hussein Mohammed.