Ubovu Usiohitaji Dhihaka: Msimulizi wa Filamu na Raha ya Sinema ya Uhalifu katika Tambarare ya Bugarama

Ikisiri

Nadharia zinazotawala kuhusu raha ya filamu mbovu hudai kwamba mtazamaji hufurahi kwa sababu anamwona mtengenezaji akishindwa. Makala hii inapinga dai hilo kwa kuchunguza usimulizi wa filamu za uhalifu katika Afrika Mashariki, hasa filamu ya Uganda Who Killed Captain Alex? (2010). Inashikilia kwamba ubovu hupendwa pale unapoacha nafasi ya sauti ya pili, na kwamba dhihaka si sharti la raha hiyo.

1. Tatizo

Katika Commando (1985), Arnold Schwarzenegger anamfukuza mmoja wa watu waliomteka binti yake. Porsche ya manjano ya mhalifu inalala ubavu na kuburuzika barabarani. Dakika chache baadaye shujaa anaisimamisha na kuondoka nayo, ubavu ule ule ukiwa hauna hata mkwaruzo. Wapenzi wa filamu mbovu huko Marekani na Ulaya hulitaja kosa hili kwa furaha kubwa: mwongozaji amechemsha, nasi tumemkamata.

Sekta ya Gikundamvura, wilayani Rusizi, imo katika eneo la mpunga la Bugarama, karibu na mahali ambapo Rwanda, Burundi na Kongo zinakutana. Huko filamu za namna hii hutazamwa zikiwa na sauti ya msimulizi juu yake, katika mtindo ambao Wanyarwanda huuita agasobanuye. Nimekaa kibandani na watazamaji wa huko wakati wa tukio la Porsche. Kosa waliliona wazi, na wakacheka. Lakini kicheko chao hakikumwendea mwongozaji: walianza kubishana ni fundi gani aliyenyoosha bati kwa kasi ile, na kama anaweza kupatikana mjini Kamembe. Kosa lilipokelewa kama sehemu ya kisa, likatafutiwa sababu, kisha kisa kikaendelea. Nadharia tulizonazo hazina maelezo ya kicheko cha aina hii.

2. Kutokuelewana kwa wanadharia

Kwamba sanaa pendwa zinastahili utafiti si hoja ya kupiganiwa tena. Karin Barber (1987), Brian Larkin (2008) na Laura Fair (2018), aliyeandika historia ya watazamaji wa sinema mijini Tanzania, wamelimaliza jambo hilo. Hata mjadala wetu wa fasihi pendwa na fasihi dhati umepoa. Ni wachache leo watakaoona haya kukiri kwamba walimsoma Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa usiku kucha, huku wakijua fika kwamba hakuna mpelelezi anayeponyoka risasi nyingi kiasi kile.

Ugomvi uko kwingine. Susan Sontag, katika "Notes on 'Camp'" (1964), aliona kwamba ladha ya madoido yaliyopitiliza huonja utamu wake mkubwa katika kazi iliyokusudia uzito ikaukosa. James MacDowell na James Zborowski (2013) wamelikaza dai hilo: ili filamu iwe mbovu kiasi cha kupendeza, mtazamaji lazima akisie nia ya mtengenezaji na kuona imeshindwa. Jeffrey Sconce (1995) aliwaonyesha watazamaji wasomi wakitumia filamu duni kuupinga usomi wenyewe. Matthew Strohl (2022) amefika karibu zaidi na ukweli, maana anatenganisha kuipenda filamu mbovu na kuidhihaki, na anatetea jambo la kwanza. Lakini hata yeye anaendelea kuijadili filamu kana kwamba ni kitu kilichokamilika kinachomfikia mtazamaji bila mtu wa kati.

Hapa ndipo wote wanapojikwaa. Mtazamaji wao ni mtu mmoja anayeikabili kazi iliyofungwa, na akikuta ufa hana la kufanya ila kuucheka au kuusamehe. Kibandani Gikundamvura, na katika vibanda umiza (kumbi ndogo za video) vya Dar es Salaam, filamu haijafungwa, kwa sababu msimulizi bado anaiongezea sauti.

Kuna jibu jepesi ambalo lazima likataliwe mapema: kwamba watazamaji wa vijijini hawauoni ubovu. Jibu hili lina ukoo. William Sellers, aliyeongoza Colonial Film Unit ya Waingereza iliyoanzishwa 1939, alishikilia kwamba Mwafrika anahitaji picha za mwendo wa polepole zisizo na ujanja wa kamera, la sivyo atachanganyikiwa. Kabla yake, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulioendeshwa Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, ulitengeneza filamu za mafunzo zenye maelezo kwa lugha za wenyeji. Mfafanuzi wa enzi hiyo aliwekwa ili maana isiponyoke. Mrithi wake wa leo analipwa kwa kuiponyosha. Ubishi kuhusu fundi wa Porsche unatosha kuuzika umbumbumbu huu wa kubuniwa: asiyeliona kosa hawezi kulitania.

3. Ushahidi: muuaji asiyetafutwa

Usimulizi wa moja kwa moja una matawi mengi. Dar es Salaam palikuwa na Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye kazi yake imechambuliwa na Matthias Krings (2015). Kenya ina DJ Afro, Uganda ina VJ Jingo na wenzake, na Rwanda ilikuwa na Nkusi Thomas, yaani Yanga, aliyefariki 2022, akiwaacha kina Junior Giti na Rocky Kimomo wakiendelea. Lakini ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni filamu moja iliyozaliwa ndani ya mfumo huu.

Who Killed Captain Alex? ilitengenezwa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki ni za vyuma chakavu na mbao, helikopta ni ya kompyuta na haijifichi. Kapteni Alex anatumwa kuliangamiza genge la Tiger Mafia linaloongozwa na Richard. Anamkamata ndugu wa Richard, kisha anakutwa ameuawa. Ndugu yake, Bruce U, bingwa wa kung fu, anaingia kutafuta kisasi. Kuanzia hapo ni mateke, risasi na mabomu juu ya Kampala hadi mwisho.

Kwa vigezo vya filamu ya uhalifu, makosa mawili ni ya kufisha. La kwanza, filamu inavunja kanuni inayojulikana hata kwa watoto wa Afrika Mashariki: stelingi hafi. Hapa stelingi, mwenye jina kwenye bango, anakufa mapema. La pili ni zito zaidi. Kichwa cha filamu ni swali, na swali halijibiwi. Muuaji hajulikani, na baada ya muda hakuna anayemtafuta kwa dhati. Kwa kipimo cha MacDowell na Zborowski, hii ni nia iliyoshindwa bila ubishi: mtu ameahidi fumbo la upelelezi, akalisahau njiani.

Kipimo hicho kinaipima filamu pungufu. Toleo lililosambaa duniani lina sauti ya VJ Emmie juu yake mwanzo hadi mwisho. Hutangaza mapigano kabla hayajafika, huwatania waigizaji, huisifu filamu kama mpiga debe anavyolisifu basi lisilo na kiti kilichobaki. Hajifichi nyuma ya picha kama mtafsiri, wala hakai juu yake kama mhakiki. Ni mhusika asiye na mwili. Pengo la muuaji linampa kazi: pale ambapo mwandishi wa Ulaya angeweka vidokezo vya upelelezi, Wakaliga imeweka sauti inayoweza kumshuku yeyote.

Historia ya mwongozaji inatia nguvu hoja hii. Nabwana ameeleza kwamba utotoni alizifahamu filamu kwa kusimuliwa na kaka zake waliokwenda kuziona. Kwake yeye sinema ilianza kama masimulizi, picha zikaja baadaye. Aliyejifunza filamu hivyo, na anayejua kwamba kazi yake itapita mikononi mwa VJ, hawezi kuhukumiwa kana kwamba alikusudia kazi iliyofungwa kisha akashindwa. Najua kwamba nia ya mtu haipimwi kwa mizani. Hata hivyo, mazingira yote yanaelekeza upande mmoja: uwazi wa filamu hii ni sehemu ya muundo wake.

4. Pingamizi

Itasemwa kwamba umaarufu wa Captain Alex nje ya Uganda ni dhihaka ya matajiri kwa umaskini. Wapo wanaoicheka hivyo. Lakini angalia wanachokinukuu: mashabiki wa Marekani na Ulaya hurudia makelele ya VJ Emmie kuliko mazungumzo ya wahusika. Hata filamu ya baadaye ya Nabwana, Bad Black, iliyoonyeshwa Fantastic Fest mjini Austin, Texas, mwaka 2016, ilikwenda na sauti ya VJ huyo. Kilichowavutia ni kile kile ambacho nadharia yao haikukihesabu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: wasimulizi husimulia pia filamu nzuri, basi ubovu una mchango gani? Nakubali kwamba msimulizi hodari anaweza kupasua ukuta wowote. Lakini filamu iliyokazwa, ambayo kila ukimya wake umepangwa, humlazimisha kuua kitu ili aseme. Filamu legevu ya uhalifu, yenye mafukuzano marefu, wahalifu wasiojua kulenga na majibizano yasiyobeba kisa, humpa dakika nzima bila gharama. Ndiyo maana Commando inasimuliwa vizuri kuliko filamu nyingi zilizoishinda kwa tuzo. Kama nimekosea, mtafiti ataweza kunionyesha kwa kulinganisha masimulizi ya msimulizi mmoja juu ya filamu za aina zote mbili.

Pingamizi la hakimiliki lina uzito wa kisheria, lakini ni la mahakama. Linaamua nani alipwe, haliamui raha inatoka wapi.

5. Hitimisho

Ushahidi uliotumika hapa ni filamu moja iliyotazamwa kwa undani, pamoja na watazamaji wa ukanda mmoja, hivyo haufungi mjadala kwa kila aina ya filamu. Lakini unatosha kubadili mahali pa kuanzia. Raha ya filamu mbovu haiko katika umbali kati ya nia na matokeo. Iko katika nafasi ambayo filamu humwachia mtu mwingine aseme, na mtazamaji wa Austin anayedhihaki peke yake sebuleni anafanya kwa upungufu kile ambacho kibanda cha Gikundamvura hukifanya kikamilifu. Yeye ni msimulizi asiye na hadhira.

Kuna la kufanywa pia. Masimulizi ya Yanga na ya wenzake yametawanyika kwenye flashi, memori kadi na simu, yakinakiliwa juu ya mengine kila nafasi inapokwisha. Taasisi ya urithi wa utamaduni ya Rwanda iliyoundwa 2020, Inteko y'Umuco, ina jukumu la kuhifadhi lugha na sanaa simulizi. Sioni sababu ya kuhifadhi utenzi wa mfalme na kuacha usimulizi wa filamu ya mateke. Sauti hizi zikusanywe zikiwa pamoja na filamu zake mbovu, maana zikitenganishwa nazo hazitaeleweka.